Hayakuwa Mafuta ya Alizeti

Kwanza tuelewane. Mafuta niliyopaka ea klina, kile kichujio cha hewa inayoingia kwenye injini, hayakuwa ya alizeti. Yule ndugu yangu aliyerusha video ya gari yangu, Toyota IST, kwenye kundi la mtaa na kuandika "jamaa kaikaangia IST chapati" ni mwongo. Yalikuwa mafuta ya injini, tena mazuri, yaliyobaki kwenye galoni siku ya sevisi. (Najua. Nikiyasoma haya mwenyewe naona utetezi wangu haunisaidii sana. Tuendelee.)

Mnaonifuata siku nyingi mnakumbuka nilivyojitapa hapa na ile ea klina nyekundu. Ya pamba na wavu, ya kuosha na kurudisha, unanunua mara moja unazeeka nayo. Muuzaji wa spea mtaa wa Gerezani, Dar, alinipiga elfu themanini, wakati ya karatasi ni elfu kumi na tano, akaniapia kwamba injini itapumua na kila lita itanipa kilomita mbili za bure. Nikiwa bado nimesimama dukani nikapiga hesabu ya mwaka mzima, nikajiona nimeshanunua kiwanja.

Na nilipima, jamani, msinione mjinga. Nilijaza tangi mpaka bomba likajikata lenyewe, nikatembea wiki, nikajaza tena, nikagawanya. Kabla ya ea klina mpya: kilomita 13.4 kwa lita. Baada: 13.3. Nikasema hiyo ni foleni ya Ubungo. Mke wangu akasema hiyo ni elfu themanini.

Jumamosi asubuhi nikaamua kuiosha, maana mama mkwe alikuwa anaingia na basi la Moshi na nilitaka gari iwe na nguvu ya kupokelea mkwe. Karatasi ya maelekezo inasema upake mafuta yake maalumu, mstari mwembamba kwenye kila mkunjo, usubiri yaenee, ufute yaliyozidi. Mafuta maalumu yanauzwa kichupa peke yake, na mimi baada ya zile elfu themanini sikuwa na hamu ya kichupa. Nikachukua galoni. Nikamimina. Niliona yanachuruzika kwenye vidole, nikasema si vumbi litanasa vizuri zaidi? Nikapachika, nikafunga boksi, nikapiga picha. Mliilaiki wenyewe ile picha, msijifanye.

Kwenda Stendi ya Magufuli gari ilikuwa inasitasita kidogo, nikaisingizia petroli. Kurudi ndiyo habari yenyewe.

Mataa ya Shekilango, saa kumi na moja jioni, mimi wa kwanza kwenye mstari, kiyoyozi kinapuliza. Mama yuko kiti cha nyuma, kitenge kimepigwa pasi, mkungu wa ndizi mshare kaupakata kama mjukuu. Anaponiuliza habari za kazi, ndipo taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, ya njano, imetulia kabisa. Ninaificha kwa mkono, najifanya naegemea usukani.

Taa za barabarani zinakuwa kijani. Nakanyaga. Gari inainama mbele, inarudi nyuma, kama mtu anayetafuta chafya. Nakanyaga zaidi. Inafanya "bwuu", inashuka, inatetemeka mpaka ndizi zinagongana. Halafu kimya. Mjue kimya cha gari iliyozima katikati ya Morogoro Road si kimya, ni honi arobaini. Nawasha. Inashika, inazima. Nawasha. Inashika, inazima. Natafuta taa za hazadi, mkono unatua kwenye waipa. Waipa zinaanza kukwaruza kioo kikavu, maji yanaruka juu ya paa na kumlowesha bodaboda aliyesimama ubavuni. Bodaboda ananiangalia. Mimi naangalia mbele. Kwenye njia yake ya katikati, mwendokasi linapita taratibu, na kila dirisha lina uso.

Afande anakuja, hana hata haraka. "Bosi, umepaki?"

Na hapo, kabla sijamjibu, nasikia mlango wa nyuma unafunguka. Mama kashuka. Mkungu kauweka juu ya kiti, kitenge kakikaza kiunoni, yuko nyuma ya gari yangu, viganja viwili kwenye buti.

"Mama, tafadhali, shikamoo, rudi ndani!" Ndiyo, nilimwamkia upya. Sijui kwa nini.

"Weka N, baba," akasema. "Tunachelewa."

Nikaweka N. Mama mkwe, afande mmoja na bodaboda mwenye shati bichi wakanisukuma mpaka upande wa Sinza, mimi ndani, waipa bado zinacheza. Hiyo ndiyo video. Yule ndugu yangu aliyeirusha alikuwa kwenye bajaji nyuma yangu, na hakushuka kusaidia. Liandikeni hilo pia kwenye kundi.

Fundi alikuja na mashine yake, akachomeka chini ya usukani, ikaleta P0171, namba ya hitilafu inayosema petroli ni kidogo kuliko hewa. Akafungua boksi la ea klina, akachungulia, akamwita msaidizi wake naye achungulie. Nilimzuia kumwita wa tatu.

Alivyonieleza ni hivi. Kwenye njia ya hewa, mara tu baada ya ea klina, kuna sensa. Ndani yake kuna kiwaya chembamba kinachochemshwa kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inaangalia umeme kiasi gani unahitajika kukirudishia joto. Kwa hesabu hiyo inajua hewa iliyoingia, inatoa petroli ya kuitosha. Yangu ilikuwa imevaa koti la mafuta. Hewa inapita nyingi, sensa inaripoti kidogo, petroli inakuja ya kuhesabu, injini inakufa njaa huku tangi limejaa. Nikanyoosha kidole nikifute, akanipiga kofi la mkono. Hakiguswi. Kina dawa yake ya kupuliza, na ile ya kuoshea kabureta (kile kifaa cha magari ya zamani cha kuchanganya hewa na petroli) haifai, inaweza kukiua. Akapuliza, akaacha pakauke, akaweka ea klina ya karatasi ya elfu kumi na tano, gari ikawaka kama haijawahi kunidhalilisha.

Usiku sikulala, nikasoma. Maabara ya Oak Ridge kule Tennessee, Marekani, ilipima jambo hili mwaka 2009, wakaziba ea klina makusudi. Kwenye magari ya petroli ya siku hizi matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa maana yoyote, kwa sababu kompyuta inatoa petroli kulingana na hewa iliyoingia. Kinachopungua ni mchapuko, yaani gari kuchomoka. Kama ile iliyozibwa hainywi petroli zaidi, hii inayopumua sana ingeniokolea wapi hizo kilomita mbili? Gerezani hawakunigusia hilo.

Nikamweleza mama asubuhi kwenye chai, nikidhani namfundisha. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Pijo 504 ya marehemu ilikuwa na kabureta," akasema, "ile ea klina ikijaa vumbi ilikuwa inakunywa kweli, kila tukitoka Same tunaikung'uta. Yako si ina kompyuta?"

Nikamwongezea chai.

Basi, ile nyekundu nimeiosha na sabuni mara tatu, ipo juu ya kabati la jikoni. Anayeitaka aje na elfu arobaini. Jana mama aliishusha, akaigeuzageuza, akauliza kama inaweza kuchuja mbege. Nikamwambia hapana mama, bado ina mafuta.

"Ya alizeti?"