Suruali ya Kukwea Huanzia Msambani

Jumamosi iliyopita kule Lukenya, msichana mmoja alishinda chini ya mwamba akitutazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alipanda matatu ya barabara ya Mombasa, akashuka, akakanyaga vumbi kwa miguu hadi kwenye majabali. Viatu tungemwazima. Hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungwa kamba, tungemwazima. Lakini kabla hajaishika kamba, mmoja wetu alimwambia suruali yake si ya kukwea, akanunue ya dukani kwanza ndipo arudi. Aliponiuliza bei nikamtajia ile niliyoiona wiki hiyohiyo mjini: zaidi ya shilingi elfu kumi. Akanyamaza. Tulipokunja kamba jioni alikuwa ameshaondoka, na mimi nilinyamaza kimya nisichoweza kujisamehe.

Kwa sababu ile suruali yake niliiona. Ilikuwa ya kaki nzito, ya kazi, ya mtumba bila shaka, kiunoni imekaa vizuri. Ilipungukiwa na kitu kimoja tu, na kitu hicho fundi wa mtaani anakimaliza kabla chai yake haijapoa.

Ichukue suruali yoyote, igeuze ndani nje, utazame msambani. Mishono minne inakutana pale kwenye nukta moja. Mtu akitembea, nukta ile haina kazi kubwa. Akichuchumaa, inavutwa. Akiinua mguu hadi usawa wa kiuno huku mwingine umesimama kwenye ukingo wa upana wa kidole, basi nguvu yote ya mapaja mawili inaishia kwenye nyuzi chache. Hapo ni mawili: mshono utachanika, au kitambaa kitakaza na mguu utagoma kupanda. Watu huogopa kuchanika. Mimi nakwambia kukaza ndiko kubaya zaidi. Nilipokuwa mgeni wa mchezo huu nilivaa jinzi ya kubana kwenye Fischer's Tower, pale Hell's Gate. Ule mnara wa mwamba una mita 25 hivi, si mrefu. Nikainua mguu wa kulia kutafuta pa kukanyaga, paja likabanwa, goti likasimama katikati ya safari, na mikono ikachoka ikisubiri mguu usiofika. Nikaanguka. Kamba ilinidaka, lakini kifundo cha mguu kiligonga mwamba na nikachechemea kwa wiki kadhaa. Jinzi haikuchanika hata uzi mmoja.

Dawa yake ni kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi, kinachotiwa pale mishono inapokutana. Kinafanya kazi mbili. Kinaongeza nafasi ili paja lifunguke bila kuvuta kiuno, na kinaitawanya ile nukta moja ili mzigo ugawanywe kwenye mishono kadhaa. Kikikatwa hanamu ni bora zaidi, maana kitambaa kilichofumwa hunyumbuka kwa mshazari hata kama hakina uzi wa mpira. Cha kwangu kina urefu wa sentimita 20 na upana wa 10.

Wakwezi wa Yosemite, California, waliligundua hili kwenye miamba yao, na mmoja wao, Mike Graham, alianzisha kampuni ya nguo ya Gramicci mwaka 1982 akashona suruali zenye kipande hicho na mkanda ulioungwa kiunoni. Namheshimu kwa hilo. Lakini ninachotaka kulisema kwa sauti kubwa ni kwamba maarifa haya hayakutufikia kwa meli kutoka huko. Neno lenyewe, suruali, tumelitoa kwenye sirwali ya Kiarabu, vazi pana la msamba, la watu wa kuketi chini na kupanda wanyama. Mkwezi wa minazi kule pwani hupiga winda, nguo akaipitisha katikati ya mapaja, miguu ikawa huru, ndipo akaukumbatia mnazi. Na kanzu je? Tazama kwapani. Kile kipande kidogo kinachomwezesha mtu kuinua mkono bila kuivuta kanzu nzima kina jina lake: kikwapa.

Nilikwenda Majengo, Pumwani, kwa mzee mmoja anayeshona kanzu. Nikamwamkia, nikamwekea suruali mezani, nikaanza kumchorea kwenye karatasi. Hakuningoja nimalize.

“Mwanangu, hiki ni kikwapa. Wewe wataka nikushushie chini.”

“Ndiyo, mzee, na kisichanike.”

“Kwapa la kanzu ya ijumaa halichaniki, litachanika hili?”

Alikata, akashona mara mbili kwa uzi wa poliesta, kisha akailaza mishono na kuikanyaga juu kwa mshono mwingine ili isiwe na ukingo mnene. Hilo la mwisho lina maana sana, kwa sababu vitanzi vya hanesi hukaa juu kabisa ya paja, na ukining'inia dakika ishirini, ukingo mnene wa mshono unakuchuna ngozi. Suruali ile imekwea Lukenya misimu minne. Magoti nimeyatia viraka, makalio yamepauka kwa kusuguliwa na mawe. Msamba uko vilevile.

Kuhusu kitambaa: kaki nzito au pamba iliyochanganywa na spandeksi kidogo inatosha kwa miamba yetu ya chini, na inaihimili miiba ya migunga njiani kuliko nailoni nyepesi inayokwaruzika upesi. Mifuko ya nyuma ni ya kuketi ofisini. Bizimu ya mkanda ikae mbali na hanesi. Pindo liwe jembamba au likunjike, uzione ncha za viatu vyako. Na kwa wanawake, fundi anayepima nyonga yako atakufaa kuliko duka linalopunguza tu saizi ya suruali ya kiume.

Nakubali, shingo upande, kwamba ipo siku suruali ya dukani hushinda. Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, ni mita 5,199, na usiku wa huko maji huganda. Pamba ikilowa mlimani haikauki, inaunyonya ujoto wa mwili, na hapo sitamshauri mtu yeyote apande na kaki. Nilipokwenda niliazima suruali ya nailoni kwa rafiki. Niliazima. Na asiyewahi kuishika kamba hana haja na nguo za Batian siku yake ya kwanza.

Dada, sikujua jina lako wala sikuchukua namba yako. Kama unasoma, usiinunue ile suruali. Nimeacha nusu mita ya kaki kwa mzee wa Majengo, rangi inayokaribiana na yako, na nimeshamlipa. Mpelekee suruali yako katikati ya wiki, umwambie ni ile ya kikwapa cha chini. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa pale matatu ilipokushusha, na hanesi yako nitaibeba mimi.