Nani alichukua raundi ya kwanza?

Tarehe 16 Novemba 2013, Las Vegas. Georges St-Pierre, bingwa wa UFC (kampuni ya mapambano ya MMA, yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka), anasubiri matokeo huku uso umevimba na kuchanika. Mpinzani wake, Johny Hendricks, anaonekana kama mtu aliyetoka mazoezini. Mtangazaji anasoma kadi za majaji: 48-47 kwa huyu, 48-47 kwa yule, na kadi ya mwisho inambakishia St-Pierre mkanda wake. Kelele za wizi zikaanza palepale. Hata Dana White, bosi wa UFC, alisema hadharani kwamba kwa macho yake Hendricks ndiye aliyeshinda.

Zichukue kadi zile tatu uziweke mezani. Majaji wote walikubaliana kuhusu raundi 4 kati ya 5: ya 2 na ya 4 kwa Hendricks, ya 3 na ya 5 kwa St-Pierre. Walichopishana ni raundi ya 1 tu. St-Pierre alimbwaga Hendricks mapema, Hendricks akajibu kwa viwiko na magoti wakiwa wameshikana. Ni raundi ambayo ukiirudia mara tatu unaweza kuipa upande tofauti kila mara. Sasa huo ni wizi wa aina gani, ikiwa watu watatu waliona mambo manne sawasawa na wakapishana kwenye la tano ambalo hata sisi, miaka yote hii, hatujaafikiana?

Hoja yangu ni hiyo. Katika mapambano yanayokaribiana, mara nyingi jaji anasingiziwa. Tatizo ni mizani aliyopewa: haina uwezo wa kutofautisha gramu na kilo.

Sheria yenyewe haina fumbo. Majaji watatu huketi pande tofauti za kizimba. Raundi ya dakika 5 ikiisha, kila mmoja anaandika alama zake na zinachukuliwa, hakuna kurudi nyuma kusahihisha. Aliyeshinda raundi anapata 10, mwenzake 9 au chini ya hapo. Mfumo huu uliazimwa kutoka kwenye ndondi, ambako pambano la ubingwa la wanaume huwa na raundi 12. Bondia akinyimwa raundi moja kimakosa anazo 11 za kufidia. Kwenye MMA pambano la kawaida lina raundi 3, na la ubingwa 5. Raundi moja ni theluthi ya kazi ya usiku mzima, na kwa wapiganaji wengi wa UFC ni nusu ya mshahara pia, kwa sababu mikataba mingi hulipa fungu moja la kupigana na jingine kama hilo la kushinda.

Vigezo vya sasa vilianza kutumika Januari 2017, na vina ngazi. Kinachotazamwa kwanza ni matokeo ya mapigo na ya mieleka: nani alimuumiza mwenzake au kumweka karibu zaidi na mwisho wa pambano? Pigo linalotikisa papo hapo lina uzito kuliko mapigo madogo yanayojikusanya. Jaji akiona pande mbili ziko sawa kabisa hapo, ndipo anaruhusiwa kuuliza nani alikuwa mkali zaidi katika kushambulia, na baada ya hapo tena nani alitawala uwanja. Kumbwaga mtu chini peke yake si hoja. Kinachohesabiwa ni ulichomfanyia baada ya kumfikisha huko.

Kwa maandishi inaeleweka. Shida inaanza ukikutana na raundi kama ya 3 ya Petr Yan na Sean O'Malley, Abu Dhabi, Oktoba 2022. O'Malley anapachika goti, nyusi ya Yan inapasuka, damu inatiririka. Yan, badala ya kurudi nyuma, anaingia miguuni na kumbwaga, anambana, wanainuka, mchezo unaendelea. Katika pambano zima Yan alimwangusha O'Malley mara 6. Waandishi wa habari karibu wote walimpa Yan ushindi. Majaji wawili kati ya watatu wakampa O'Malley.

Anayemtetea Yan ana hoja nzito kuliko watu wanavyomkubalia. Mtu aliyelaliwa chini dakika 2 amenyimwa dakika 2 za kupiga. Anachoka, anabeba uzito usio wake, anapigana kwa masharti ya mwenzake. Ukisema hayo hayana thamani mpaka damu itoke, umeigeuza mieleka kuwa mapambo. Tena damu ni shahidi mwongo. Wako wapiganaji ambao ngozi ya nyusi inachanika kwa pigo la kawaida, na wako wanaopigwa teke la ini likawakunja mbavu bila kuacha alama hata moja. Jaji anayesoma raundi kwa kutazama sura atawaonea wa kundi la kwanza kila wiki.

Anayemtetea O'Malley anajibu kwa swali moja: Ni nani alikuwa karibu kumalizwa? Kumlaza mtu na kumshikilia bila kumpiga wala kumtafutia kabali ni kusimamisha saa. Watazamaji wa zamani wanakumbuka mapambano ambayo mtu alishinda kwa kumkandamiza mwenzake kwenye wavu dakika 15, bila hata mmoja kupata mkwaruzo. Vigezo vya 2017 viliandikwa kuzima mtindo huo, na hapo niko upande wao. Ni mchezo wa kupigana, aliyeumiza zaidi atangulie. Ila kama jaji amelipima goti lile kwa damu badala ya kwa jinsi lilivyomtikisa Yan, amevisoma vigezo kijuujuu.

Kuna na suala la nani anaona nini. Sisi kwenye runinga tuna marudio ya polepole, takwimu za mapigo na mtangazaji anayepayuka kila mpiganaji anayempenda anapogusa shavu la mwenzake. Jaji hana hayo yote. Ana kiti chake, mara nyingi skrini ndogo pembeni, nguzo ya kizimba mbele yake, na mgongo wa mwamuzi. Wapiganaji wakishikana kwenye wavu wa upande wa pili, goti lililoingia tumboni na lililogonga paja yanaweza kufanana kabisa kwake. (Jaribu siku moja kutazama raundi ngumu huku sauti umeizima. Mimi nimewahi kugeuza maamuzi yangu mawili kwa usiku mmoja.) Lakini utetezi huu una mpaka. Juni 2014, Albuquerque, nyumbani kwa Diego Sanchez, jaji mmoja alimpa Sanchez raundi zote 3 dhidi ya Ross Pearson, 30-27, katika pambano ambalo wengi walimwona Pearson akimpiga apendavyo. Nguzo haizibi kiasi hicho. Kuna makosa ambayo ni makosa tu.

Turudi kwenye mizani. Chukua pambano la raundi 3. Raundi ya 1 unaichukua kwa ngumi mbili zaidi, ya 2 vilevile, na ya 3 unapigwa mpaka kona yako inashika taulo la kusalimu amri. Jaji akiandika 10-9 kila raundi, umeshinda 29-28. Hajakosea hesabu. Amefuata alichofundishwa, na uliyemshinda anaenda hospitali kukutembelea.

Dawa imo ndani ya sheria zilezile: 10-8 kwa raundi ya kipigo. Jaji anatakiwa kupima mambo matatu: madhara, kutawala, na muda vilivyodumu. Ipo pia 10-10, ingawa mwongozo unawaonya majaji wasiifanye kichaka cha kujifichia. Kwa muda mrefu 10-8 ilitolewa kwa ubahili, kana kwamba inatoka mfukoni mwa jaji. Mashabiki wakapiga kelele kwamba itumike zaidi.

Ikatumika. Septemba 2023, Alexa Grasso akitetea ubingwa wake dhidi ya Valentina Shevchenko. Jaji mmoja 48-47 kwa Grasso, wa pili 48-47 kwa Shevchenko, wa tatu 47-47. Sare. Yule wa tatu alimpa Shevchenko raundi 3 kati ya 5, kisha raundi ya mwisho akampa Grasso 10-8. Grasso alikuwa ameudaka mgongo wa Shevchenko, akampiga, akamtafutia kabali. Ilikuwa raundi yake bila ubishi, lakini si watu wengi walioiona 10-8. Angeandika 10-9, mkanda ungehama. Waliokuwa wakidai ujasiri wa majaji wakageuka kudai nidhamu, na sikuwaona wakiona haya. Kwangu mimi 10-8 ile ilizidi. Hata hivyo napendelea jaji anayekosea akijaribu kupima ukubwa wa raundi kuliko anayegonga 10-9 kama muhuri wa posta.

Wengine wanasema tuache raundi, tuhukumu pambano zima, kama kampuni ya zamani ya Pride ilivyofanya Japani na kama ONE Championship ya Asia inavyofanya. Inavutia, na ule upuuzi wa 29-28 unakufa. Lakini kumbukumbu ya binadamu hukumbatia kilichotokea mwisho. Mpiganaji akimwaga ngumi dakika ya mwisho, robo saa nzima ya mwenzake inafifia. Raundi, pamoja na ukali wake, zinamlazimisha jaji aamue wakati jambo bado ni bichi.

Pendekezo ninaloliona la maana ni la kutangaza alama kila raundi inapoisha. Jimbo la Kansas liliruhusu hilo, na Invicta, kampuni ya MMA ya wanawake, ikalijaribu huko Machi 2020. Hoja ya kulipinga si ndogo: anayejua ameshaongoza raundi 2 atakimbia ya 3, na sisi tuliolipa tutatazama riadha. Ni kweli atakimbia. Lakini aliye nyuma naye atajua kwamba hana cha kulinda. Na wapiganaji tayari wanakimbia kwa kubahatisha, wakidhani wanaongoza. Hendricks aliiendea raundi ya 5 dhidi ya St-Pierre bila haraka ya mtu aliye sawa kwenye kadi mbili kati ya tatu.

Machi 2014, St-Pierre akiwa ameuachia mkanda, Hendricks aliugombea na Robbie Lawler. Wakafika raundi ya 5 wakiwa sawa, safari hii akaifuata kwa nguvu, akaipata, 48-47 kwa majaji wote. Desemba mwaka huohuo wakarudiana. Raundi ya 5 Hendricks akapunguza mwendo, Lawler akamshambulia mpaka kengele, na mkanda ukaondoka kwa majaji wawili dhidi ya mmoja.