Mama, kura yangu ya mchujo unaitaka, lakini utailinda?

Jumapili iliyopita baada ya alasiri tulikuwa barazani kwa jirani yangu hapa Mtopanga, kina mama kama ishirini hivi na vijana wachache wa bodaboda, tukimngoja mama mmoja anayetaka tiketi ya chama chetu agombee useneta wa Mombasa. Simtaji jina wala chama sikitaji, si kwa uoga, ni vile nikitaja tu watu wataanza kubishana mimi niko upande wa nani na jambo lenyewe litapotea. Akaja bila msafara, akatusalimia mmoja mmoja mpaka watoto, akakaa mkekani na sisi, kahawa akanywa na kashata akala. Nilimpenda, na bado nampenda, ndio maana naandika.

Akaongea karibu saa nzima. Barabara za ndani, maji ya mfereji, basari za watoto, taa za mtaani manake usiku vijana wanapora watu simu. Tukapiga makofi. Halafu akasema sasa nawaomba nyinyi wanachama, mchujo wa ndani ya chama ukifika mje kwa wingi, tiketi iko mikononi mwenu, bila nyinyi mimi si kitu. Nikainua mkono nikamuuliza, "Mama, na huo mchujo utakuweko kweli?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Chama kitatoa mwelekeo, mwanangu, na sisi tutafuata."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoanguka. Manake mwelekeo wa chama tushaujua sisi watu wa huku, ni kikao cha watu wachache Nairobi, mnangoja nyumbani mara mnasikia kwa redio kwamba fulani amepewa tiketi ya moja kwa moja na wengine wameombwa wamuunge mkono. Sasa mtu amekuja kuniomba kura ambayo yeye mwenyewe hana hakika kama nitapewa nafasi ya kuipiga, na hayuko tayari kuipigania. Kaahidi barabara, kaahidi maji, kaahidi taa, ila ile kura aliyoifuata pale mkekani hakuahidi kuilinda.

Niwaeleze kwa nini naliona hili kubwa. Aprili 2022 tulikuwa na mchujo, na ilikuwa ndani ya Ramadhani. Nimekula daku, nimeswali alfajiri, nikatoka na kitambulisho changu mpaka shule ya msingi iliyokuwa kituo chetu, nikakuta foleni ishafika barabarani. Watu wamefunga, jua la Mombasa mwalijua, karatasi za kura zikaja saa sita na nusu mchana. Kuna bibi mmoja alikuwa mbele yangu, umri wa mamangu, amekaa chini ya mwarobaini na fimbo yake, akisema yeye haondoki mpaka apige. Ilipofika zamu yangu karani akapekua daftari la wanachama mara mbili tatu, jina langu halimo. Mimi niliyejisajili kwa kidole changu mwenyewe, niliyesimama ajenti wa chama 2017 nikakesha kituoni mpaka asubuhi, simo. Na ajabu yake jina la mume wangu limo, yeye ambaye hajajiunga na chama chochote tangu azaliwe. Nikarudi nyumbani nikalia, wallahi nililia, si kwa sababu ya mtu niliyemtaka, ni ile hali ya kuambiwa mbele za watu kwamba wewe si wa hapa.

Na mambo ya daftari hayakuanza siku hiyo. 2021 wakenya wengi waliingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kuangalia, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi kuviomba, kelele zikawa nyingi kote nchini. Sheria ya vyama vya siasa ikafanyiwa marekebisho mwanzoni mwa 2022, na pale imeeleza vizuri kabisa kwamba chama kinaweza kufanya mchujo wa moja kwa moja, ambao wanaopiga kura ni wanachama waliosajiliwa, au mchujo kupitia wajumbe. Kwa hivo yote mawili ni halali. Lakini angalia, kama ni wanachama, basi daftari ndio kila kitu, asiyekuwa ndani hana kura. Na kama ni wajumbe, basi hao wajumbe ni kina nani na nani aliwachagua, manake mimi hapa Mtopanga sijawahi kuitwa kwenye mkutano wa kumchagua mjumbe hata siku moja. Kwa hivo mwaniaji akinambia njoo kwa wingi siku ya mchujo bila kunieleza ni mchujo wa aina gani na daftari liko wapi, ni kama amenialika harusini hajanambia nyumba gani.

Kuna watu pale barazani walinigeukia. Kaka mmoja akasema wewe dada unaleta fitina, mchujo huleta fujo tu, watu hupigana, chama hugawanyika halafu tunaenda kwa uchaguzi mkuu tumechoka na wenzetu wametupita, afadhali wazee wakae wakubaliane. Nimelifikiria sana hilo neno tangu siku ile na sisemi ni la kipuuzi. Fujo tushaziona, na aliyeshindwa kwa hila haendi kumfanyia kampeni aliyeshinda, anahama chama, au anatoka mapema kabla ya ile miezi mitatu ya kikatiba asimame kama mgombea huru. Lakini hebu tuulizane, fujo huletwa na kupiga kura au huletwa na karatasi kuja saa sita na nusu na daftari lenye majina ya watu wasiojijua? Mimi naona ni hilo la pili. Watu wakipiga kura vizuri wakahesabiwa mbele ya macho yao, wengi hukubali, hata wakinuna. Na hao wazee wakikaa wakikubaliana, mwanamke ana nafasi gani kwenye hicho kikao?

Hili la wanawake nataka nilikalie kidogo manake mwaniaji wetu ni mwanamke. Seneti iliporudi na katiba mpya, uchaguzi wa 2013, katika kaunti 47 hakuna hata mwanamke mmoja aliyechaguliwa seneta, wote waliingia kwa kuteuliwa. 2017 wakachaguliwa watatu, na 2022 tena watatu. Mombasa hatujawahi kuwa na hata mmoja, alianza Hassan Omar 2013, kisha Mohamed Faki akachukua 2017 na akarudi 2022. Sisemi hawa ni wabaya, nasema mwanamke huku kwetu mlango wake mgumu si uchaguzi mkuu, ni tiketi. Akiachiwa watu wachache wa hotelini wampime, watampima kwa pesa na kwa jina la ukoo. Akiachiwa wale kina mama waliokaa naye mkekani, ana bahati. Kwa hivo yeye ndiye alifaa kuwa wa kwanza kusimama kusema tunataka kura, na tunataka daftari liwe wazi. Na ndiye aliyenambia atafuata mwelekeo. Hilo limenikereketa mpaka leo.

Halafu zile ahadi. Sitaki kumvunja moyo lakini seneta hajengi barabara ya mtaani, wala hana mfuko wa basari. Hizo za kaunti ni za gavana na wa kuzifuatilia kwenye wadi ni MCA, yule mwakilishi wa wadi, za mfuko wa eneo bunge ni za mbunge. Kazi ya seneta ni kuilinda kaunti kule juu, kuhakikisha pesa zinazogawanywa kutoka Nairobi zinafika na zikifika afuatilie zimetumikaje, gavana aitwe ajibu maswali ya mkaguzi wa hesabu. Na kwenye mambo yanayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja, seneta ndiye kiongozi wa ujumbe wake, kwa hivo kura ya Mombasa ni sawa na ya Nairobi au ya Lamu, moja kati ya 47, na imeshikwa na mtu mmoja. Mwakumbuka 2020? Seneti ilikwama miezi kwa sababu ya mfumo wa kugawa pesa, uliokuwa umependekezwa ungezipunguzia kaunti nyingi za Pwani na za kaskazini, maseneta watatu wakakamatwa na polisi mwezi wa Agosti, na mwishowe wakaafikiana Septemba kwamba hakuna kaunti itakayopoteza na mgao wa kaunti wa mwaka uliofuata uongezeke kutoka shilingi bilioni 316.5 mpaka bilioni 370. Ile ilikuwa kazi ya useneta, na barazani kwetu hata neno moja juu yake sikulisikia.

Hata hayo maji aliyoahidi angeweza kuyaongea kiseneta na tungemwelewa. Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji, tunategemea Baricho iliyoko Kilifi, Mzima iliyoko Taita Taveta, na Marere na Tiwi za Kwale. Yani maji yetu yote yanapita mikononi mwa kaunti za jirani na serikali kuu kabla hayajafika kwenye mtungi wangu. Hapo ndipo seneta anafaa, akae na wenzake wa Kilifi na Kwale na Taita, wakubaliane, wabane pamoja, waulize bwawa la Mwache limefika wapi. Na bandari je? Treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi, ilipoanza 2017 na mizigo ikaanza kusukumwa bara, tuliona Changamwe na Miritini watu wa malori wakikosa kazi, vibanda vya chakula vikifungwa, watu wakaandamana 2019. Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa. Lile agizo la kupeleka mizigo bara likaondolewa kwa tamko kama lilivyowekwa kwa tamko, na jambo la namna hiyo linaweza kurudi tena kesho. Mwaniaji akinambia ataleta mswada wa kulifunga hilo kwa sheria, mimi nitatoka nyumba kwa nyumba kumtafutia kura, na nauli nitajilipia.

Kwa hivo mama, najua wewe au vijana wako mtaisoma hii, ninayotaka kwako si mengi. Toka useme hadharani, ukiwa na wenzako wote wanaoitaka hiyo tiketi, kwamba mwataka wanachama wapige kura na kwamba hakuna atakayekubali kupewa cheti chumbani. Waambie watu wako watusaidie kuangalia majina yetu kwenye eCitizen saa hii, uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na daftari likishafungwa hata ulie halifunguki. Kina mama wengi hapa hawana simu za intaneti, kijana mmoja na simu moja barazani angemaliza watu hamsini kwa jioni moja. Hiyo haina gharama kubwa kuliko fulana. Na ukikosa hiyo tiketi kwa haki, utuambie pale pale kwamba umekubali.

Wapiga kura waliosajiliwa Mombasa 2022 tulikuwa zaidi ya laki sita na waliojitokeza hata nusu hawakufika. Kila mtu analaumu joto, analaumu uvivu, wanasema watu wa Pwani hatupendi kura. Mimi nilimwona yule bibi chini ya mwarobaini, amefunga, saa saba ya mchana. Alipoambiwa jina lake halimo alimwuliza karani, "Basi mwanangu, ningie daftari gani?" Karani hakuwa na jibu. Agosti uchaguzi mkuu ulipofika nilipita kwake kumwita twende pamoja, akanambia nenda wewe, mimi nishaenda.

Mwaniaji amesema atarudi Jumamosi. Nimeshaongea na mjukuu wa yule bibi amlete kwa tuktuk, na swali lake atauliza mwenyewe.