Karti kubwa ao ndogo? Video za harusi zinataka nini kabisa

Wenye kufanya montaje hapa Lubumbashi, wakishapata pesa ya harusi mbili tatu wazo la kwanza ni karti grafiki kubwa (kipande cha mashini chenye kushughulikia picha), RTX 3070 ya NVIDIA kwenda juu, eti video itatoka haraka. Sikatai, karti inasaidia sana, lakini kwa kazi ya kutoa video peke yake wengi wanalipaka kitu ambacho hawatakitumia.

Ndani ya karti za NVIDIA kuko kipande kinaitwa NVENC, kilianza 2012, kazi yake ni moja tu, kufinya video kuwa H.264 ao HEVC, namna mbili za kupunguza uzito wa faili, HEVC njo ile mpya. Kiko pembeni, hakitegemei zile kore elfu na elfu, vipande vidogo vya kupiga hesabu, ambazo njo zinapandisha bei. RTX 3060 na RTX 3090 ziko na NVENC ileile, moja moja, kwa hiyo kama unageuza tu video iliyokwisha kukatwa, tofauti utaisikia mfukoni kuliko kwenye saa. Sasa yule mwenye kutia rangi nzito na kusafisha punje za picha za usiku, huyo namuelewa, kazi yake inaita kore kweli.

Hatari iko huku chini kwa bei rahisi. GT 1030 haina enkoda (kile kipande cha kufinya video) kabisa, RX 6400 na RX 6500 XT za AMD vilevile, mtu anaona sanduku jipya anafurahi, anafika nyumbani anafungua programu, chaguo la karti halipo. GTX 1650 ya kwanza inayo, ila ya kizazi cha zamani, Volta, wakati 1650 Super ilipewa ya kizazi kilichofuata, Turing, yenye picha safi zaidi kwa uzito uleule wa faili. Lakini Super inataka waya wake wa umeme na sisi wengi tuko na zile mashini nyembamba za ofisi, okazio kutoka Bulaya, alimantasio ya umeme wati 240, humo inaingia ile 1650 ya wati 75 inayokula umeme wa sloti tu, na hapo tena utafute iliyo fupi kwa kimo (low profile).

Kwanza angalia prosesa uliyo nayo. Core i5 na i7 nyingi tangu 2011 ziko na Quick Sync ndani, enkoda ya Intel yenyewe, isipokuwa zenye herufi F mwishoni, na ukichomeka karti mashini zingine zinazima ile ya Intel mpaka uingie BIOS (mipangilio ya mashini mbele ya Windows) uiwashe. Ni bure! Tena kama kamera yako inatoa HEVC 4:2:2 ya biti 10, yaani yenye rangi nyingi zaidi, Quick Sync ya prosesa za kizazi cha 11 inaisoma bila kukwama, NVIDIA imeleta hiyo kwa RTX 50 mwaka 2025.

Upande wa pili kuko watu wa x264, programu ya kufinya H.264 bila karti, wanaoachia prosesa ifanye yote polepole, na hawa siwezi kuwacheka. Chukua harusi ya saa mbili, mteja anataka faili moja kwenye flashi aweke kwa televizio, na televizio nyingi za zamani zinasomaka flashi ya FAT32 tu, mpangilio ambao faili moja haivuki GB 4. Megabiti 4 kwa sekunde kwa saa mbili ni GB 3.6, ongeza sauti, inaingia. Sasa angalia pale wamama wanaingia wakicheza, vitenge vya maua, taa zinazunguka: kwa NVENC ya zamani yale maua yanageuka vibokisi vibokisi, x264 ya slow (mpangilio wake wa polepole) inayashika vizuri. HEVC ingesaidia, lakini televizio ileile ya zamani haiifungui. Kama video inaenda YouTube usijisumbue, kule wanaifinya tena, toa kwa NVENC na megabiti nyingi basi.

Ila x264 ya slow inakula saa nyingi, na kwetu kuko delestaje. Umeme ukikatika katikati, MP4 iliyobaki mara nyingi haifunguki, unaanza upya. Kwa sababu hiyo mimi niko upande wa karti, ndogo ya Turing ao mpya kuliko hapo, na x264 naiachia ile kopi ya flashi tu, natoa kwa MKV, aina ingine ya faili, kwanza juu hiyo hata ikikatika kile kilichoandikwa kinafunguka, kisha nageuza kuwa MP4 bila kufinya tena, dakika chache.

Na ukienda kununua, 1050 Ti ya bei ya kutupa inaweza kuwa GTX 550 Ti iliyobadilishwa jina, ambayo NVENC haijawahi kuiona. Muambie muuzaji afungue GPU-Z, programu yenye kuonyesha karti ni ipi, mbele yako, jina likianza na FAKE, rudisha dola zako mfukoni.