Mpira wa Babu na Kikombe cha Mafuta ya Nazi

Ndani ya sanduku la bati la marehemu babu, chini ya kanzu zilizoliwa na nondo, nilikuta mpira wa ngozi wa zamani: vipande 18, mdomo wa kufungwa kwa kamba kama kiatu, umesinyaa kama embe lililosahauliwa uvunguni. Babu alikuwa beki wa kutajika hapa Tanga. Aliyemtaja zaidi ni yeye mwenyewe. Kabla jua halijazama nilishaamua kwamba mpira ule ulichezewa Kombe la Gossage, michuano iliyoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda, Tanganyika ikajiunga 1945. Nikaalika wazee waje Jumapili waushuhudie.

Zilibaki siku tatu, na mpira una vumbi la nusu karne. Gossage waliotoa kombe hilo walikuwa watengeneza sabuni, basi nikaona sabuni haiwezi kuudhuru. Nikauloweka ndooni usiku kucha. Asubuhi nikaopoa kitu kizito kama tofali, nikakianika juu ya bati, jua la saa sita. Ngozi iliyolowa ikipigwa na joto kali hujikunja na kukakamaa, na uzi wa zamani huoza palepale kwenye matundu ya sindano. Jioni niliugonga ukaitika ko! ko! kama kifuu. Nikaulainisha kwa kikombe kizima cha mafuta ya nazi. Kumbe ulihitaji kitambaa chenye unyevunyevu tu, kivuli, na mafuta ya ngozi ya kujaa ncha ya kidole. Usiku sisimizi walikuja na ukoo wao wote. Nilipowasha taa, mpira ulikuwa unatembea.

Ikabaki upepo. Mipira hii haina tundu la sindano ya pampu. Ndani mna blada yenye mrija. Unapuliza kwa mrija, unaukunja, unaufunga kwa uzi, unausokomeza chini ya ulimi wa ngozi, ndipo unakaza kamba. Blada yangu ilikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima. Nikaibandika viraka vinne vya pancha. Wanaozijua kazi hizi hawajazi upepo kabisa: huitoa blada, wakashindilia pamba au karatasi laini taratibu mpaka umbo lirudi. Mimi nilikuwa na pampu ya baiskeli.

Jumapili wazee wakajipanga barazani, kahawa mkononi. Mjomba akauliza ushahidi uko wapi. Nikatoa futi ya fundi cherehani, nikauzungushia mpira mbele ya halaiki: sentimita 69! Mpira wa miguu, namba 5 kamili.

"Mbona umelegea?" mjomba akasema. "Ongeza."

Nikafungua kamba, nikatoa mrija, nikaongeza. Pampu tatu za kwanza wazee walipiga makofi. Ya nne sikuimaliza. Mshono uliachia wote kwa mpigo, ngozi ikafunguka kama ganda la chungwa, kipande cha blada kikatua ndani ya kikombe cha mjomba. Mzee mmoja alikuwa ameshalala chini ya benchi, anasoma shahada.

Bibi akatoka jikoni na mwiko wake. Akaokota ulimi wa ngozi, akaunusa.

"Nani kapasua mpira wangu? Na nazi ya nini?"

"Huu wa babu, bibi. Wa Kombe la Gossage. Nimepima, sentimita 69."

"Wa netiboli nao ni namba 5, mjukuu wangu. Huo tulichezea sisi wasichana shuleni. Mimi nilikuwa mfungaji."

Mjomba akaweka kikombe chini, kahawa inamchuruzika kidevuni. "Sasa mama, baba alikuwa beki wa wapi?"

"Beki?" Bibi akaanza kurudi jikoni. "Baba yenu alikuwa anasimama nyuma ya mlingoti. Nikikosa, ananiokotea."