Marahaba, Kaeni

Kwanza kabisa: sikukatwa mkia. Aliyewaambia hivyo ni rafiki yangu aliyenisindikiza, na mlango wa chumba cha upasuaji hakuuona.

Nilichopasuliwa ni sinasi ya pilonidali, yaani tundu kwenye ngozi; pilonidali ni Kilatini cha kiota cha nywele. Nywele zinajichimbia kwenye ngozi pale mfereji wa makalio unapoanzia, jirani na kifandugu, panatunga usaha, nawe unakaa upandeupande kama mtu anayesikiliza umbea. Kwenye Vita Vikuu vya Pili wanajeshi wa Marekani waliuita ugonjwa wa jipi, maana uliwaandama madereva. Mimi jipi sina. Nilidhani ni jipu.

Upasuaji wenyewe unaingia asubuhi, mchana uko kwako. Nikalazwa kifudifudi, kiuno juu, kichwa chini. Nesi akaninyoa. Akachukua plasta pana, akabandika kalio la kulia, akavuta, akafunga kwenye ukingo wa kitanda. Akazunguka. La kushoto, akavuta. Jamani, kitabu kikawa wazi ukurasa wa katikati. Ikaja sindano ya ganzi (msiniulize).

Nilichokuwa naona ni sakafu tu. Mlango ukalia. Vikaingia viatu. Jozi moja. Tatu. Saba. Wanafunzi wa udaktari!

"Sogeeni muone vizuri," daktari akasema. Viatu vikaanza kukanyagana. Na mimi, baada ya miaka 14 ya kushika chaki, mdomo ukajifungukia wenyewe:

"Msisukumane! Mmoja mmoja!"

Kimya. Halafu sauti ninayoijua, ya binti aliyekuwa akikaa dawati la mbele:

"Shikamoo, mwalimu!"

Sasa nyie mnaocheka, mngefanyaje? Shikamoo haiachwi ikining'inia. Nikaiambia sakafu:

"Marahaba. Kaeni."

Viti havikuwepo. Mtu akajifanya anakohoa. Daktari akasimamisha kisu hadi mabega yake yatulie.

Yaliyobaki ni mafupi. Wakaingiza dawa ya rangi kufuata njia ya tundu (nguo zangu za ndani sasa ni za buluu), wakakata, wakajaza shashi. Kidonda hakikushonwa, kitajifunga chenyewe kuanzia chini, wiki kadhaa. Naandika nimelala kifudifudi.

Leo nimekwenda kubadilishiwa shashi. Nani yuko zamu? Akachungulia, akachungulia tena, akasema taratibu:

"Maendeleo mazuri, mwalimu. Ongeza bidii."

Neno kwa neno nilivyomwandikia kwenye ripoti yake.