Wakabaji bora wa UConn: Thabeet ni namba mbili na sishuki hapo

Jina la Hasheem Thabeet likitajwa tu kijiweni, lazima atokee mtu wa kusema "si yule aliyechukuliwa kabla ya Curry?" halafu watu wanacheka, mada imeisha. Sawa bwana, ni kweli, drafti ya NBA ya 2009 (pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) Memphis Grizzlies walimchukua wa pili baada ya Blake Griffin, James Harden akaenda wa tatu, Stephen Curry wa saba. Hakuna anayebisha. Ila hilo ni deni la Memphis na mabosi wao, mi silibebi. Mi nataka tuongelee alichofanya kabla ya hapo, miaka mitatu pale Storrs, kwenye Chuo Kikuu cha Connecticut, yaani UConn, maana kuna ubishi wa wakabaji bora wa muda wote wa UConn na naona Wabongo wenyewe ndo wa kwanza kumtoa Mtanzania mwenzao kwenye listi, wengine hata tano bora hawamuweki.

Kwanza tukubaliane kitu kimoja. Tunaongelea walichofanya wakiwa na jezi ya UConn. Mtu akija na habari za NBA namwambia mapema kakosea mlango. Na pia naongelea timu ya wanaume tu, akina dada wa UConn wana makombe 12 ya taifa na ule ni ubishi mwingine kabisa, ule unataka usiku mzima na chai ya tangawizi.

Namba moja ni Emeka Okafor na kiukweli hapo sioni cha kubishania sana. Alicheza 2001 hadi 2004, blok 441 (yaani mipira iliyorushwa golini akaizuia), hakuna mtu wa UConn aliyezifikia mpaka leo. Mzaliwa wa Houston, wazazi wake Wanaijeria, akamaliza digrii ya fedha kwa miaka mitatu badala ya minne, yaani mtu anakublok jioni na asubuhi anakupita kwenye mtihani. Ila sio idadi inayonifanya nimuweke juu, ni jinsi alivyokuwa anablok. Wapo warefu wengi wanaopiga mpira kwa hasira unaenda kwa mashabiki, uwanja mzima unalipuka, halafu wapinzani wanarudishiwa mpira uleule pembeni wanaanza upya. Okafor alikuwa anaugusa tu, unabaki ndani, mwenzake anaokota wanakimbia upande wa pili. Hiyo blok moja imezaa pointi mbili, wakati ile ya kelele imezaa kelele.

Na angalia nusu fainali ya 2004 dhidi ya Duke, San Antonio. Okafor kapata faulo mbili mwanzoni kabisa mwa mechi, kocha Jim Calhoun kamkalisha benchi karibu kipindi chote cha kwanza, watu wanajua imekwisha hiyo. Kipindi cha pili karudi kafunga pointi 18, UConn walikuwa nyuma kwa pointi 8 dakika za mwisho na wakashinda 79 kwa 78. Fainali wakawapiga Georgia Tech 82 kwa 73, yeye pointi 24 na ribaundi 15 (mipira iliyokosa kuingia akaidaka), na mgongo ulikuwa umemsumbua msimu ule. Kapata tuzo ya mkabaji bora wa taifa 2003 na 2004. Basi, namba moja hiyo, tusipoteze bando.

Sasa Thabeet.

Huyu kijana kaanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15 hivi, hapa hapa Dar. Kumi na tano! Wenzake Marekani umri huo wameshacheza miaka kumi na wana makocha wao binafsi. Kafika UConn 2006 akiwa na futi 7 na inchi 3, na mikono mirefu balaa, kitu cha kwanza alichoweza ni kukaba, mengine alikuwa bado anajifunza mbele ya kamera za taifa zima. Mwaka wa kwanza timu ilikuwa ya hovyo, ushindi 17 vipigo 14, hata mashindano ya NCAA, yale ya ubingwa wa vyuo Marekani, hawakwenda, na bado kablok 118. Mwaka wa pili 147. Wa tatu 152. Jumlisha unapata 417, ni 24 tu pungufu ya Okafor. Na tuzo ya mkabaji bora wa taifa kachukua mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, sawasawa na Okafor. Sasa nani anafuata hapo katikati, nionyesheni.

Januari 2009 dhidi ya Providence kapiga pointi 15, ribaundi 11 na blok 10 kwenye mechi moja. Blok kumi! Kuna timu nzima hazifikishi hizo kwa mechi mbili.

Lakini mi huwa nasema namba za blok zinamdanganya mtu kwa Thabeet, na zinamdanganya kwa kumpunguzia. Maana blok inahesabu mipira iliyorushwa. Haihesabu yule gadi (mchezaji wa nje anayeendesha mpira) aliyeingia ndani kwa kasi, akainua macho akaona mkono, akageuza akatoa pasi nje, muda wa kushambulia ukayoyoma na mwisho wakarusha mpira wa kubahatisha kutoka mbali. Tafuta video za mechi za 2009 usiangalie mpira, mwangalie yeye tu dakika kumi. Utaona watu wanaingia eneo lake kisha wanaghairi. Na kwa sababu yupo nyuma pale, magadi wa UConn akina Jerome Dyson na A.J. Price walikuwa wanambana mtu mpaka kifuani bila woga, maana hata ukipitwa yupo mwenye nyumba anakusubiri mlangoni.

Na hapa ndo jibu la wale wa "mbona NBA kafeli". NBA kuna sheria ya sekunde tatu kwa anayekaba, ilianza msimu wa 2001-02, kwamba huwezi kusimama tu chini ya ringi kama humkabi mtu aliye karibu yako. Chuo sheria hiyo haipo. Kwa hiyo Calhoun alimuweka pale pale, simama baba, usiende popote, na mpinzani yeyote anayetaka kufunga kwa ukaribu atapita kwako. Ni mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mwili wake na akaufanyia kazi vizuri kuliko karibu kila mtu. Kaenda NBA wamemtoa chini ya ringi wamemwambia kimbizana na magadi kule nje. Ndo ilivyokuwa. Ila mwaka 2009 pale Storrs hakuna aliyemtoa, na msimu ule UConn walishinda 31 wakapoteza 5.

Sasa najua mnachotaka kusema, DeJuan Blair wa Pittsburgh. Ndiyo, nakumbuka, Februari 16, 2009, siku ya kuzaliwa ya Thabeet kabisa, UConn ni namba moja nchi nzima, Pittsburgh wakaja kuwapiga 76 kwa 68. Blair, mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, pointi 22 na ribaundi 23, na kuna ile picha ambayo kila mtu anayo, kamshika mkono wakigombania mpira akamrusha begani Thabeet akapita juu akaenda chini. Iliuma ile. Lakini Blair alikuwa anamuonea kila mtu msimu ule, na Big East, ligi ya vyuo waliyokuwa wanacheza, 2009 haikuwa ya mchezo, timu zake tatu zilipangwa namba moja kwenye makundi yao ya NCAA, UConn, Pitt na Louisville, halafu Villanova nao wakafika nne bora. Mwisho wa msimu mchezaji bora wa Big East wakagawana Blair na Thabeet. Wakagawana! Sijawahi kusikia mtu akitaja hiyo nusu ya pili ya stori.

Kinachomuangusha mbele ya Okafor ni kombe. 2008 wametolewa raundi ya kwanza na San Diego kwa pointi moja ova taimu (Price aliumia goti mechi ile ile, lakini haya), 2009 wamefika nne bora Detroit wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73, timu iliyokuwa inakimbia sana na mbio hazikuwa rafiki wa Thabeet. Okafor ana kombe, Thabeet hana. Ndo maana ni wa pili.

Wa tatu wangu wengi hawatampenda. Ricky Moore. Gadi, sio senta (yule mrefu wa chini ya ringi), na hapa nina ugomvi na hizi listi zote maana mtu ukimwambia mkabaji bora anakuletea warefu watano wamejipanga kama nguzo za umeme, kana kwamba kumkaba mwenye mpira sio kukaba. Fainali ya 1999, Duke wameshinda mechi 32 mfululizo, kila mtu kasema UConn wamekuja kupiga picha tu. Moore kapewa kumkaba Trajan Langdon wa Duke. Langdon kafunga 25, sawa, sikatai, sio kwamba alimfungia kabatini. Lakini zimebaki sekunde chache, UConn wako mbele kwa pointi moja, Langdon ana mpira, nchi nzima inajua anarusha yeye. Moore kamkatia njia, kamlazimisha kugeuka, kageuka tena, miguu ikachanganyikana, refa kapuliza, kutembea na mpira. UConn 77 Duke 74, kombe la kwanza la timu ya wanaume. Mi nikiulizwa ukabaji mmoja mkubwa kuliko wote katika historia ya UConn, sitaji blok yoyote, nataja ule.

Hilton Armstrong alikuwa mkabaji bora wa Big East 2006, mzuri, ila msimu mmoja mkali tu. Amida Brimah wa Ghana namheshimu na ana ubingwa wa 2014. Stephon Castle mwaka mmoja, ungempa miwili labda tungeongea.

Tunabaki na senta Donovan Clingan, na vijana wa sa hivi wanamtaka namba moja kabisa. Nawaelewa kwa nini. Machi 30, 2024, Boston, robo fainali na Illinois, ubao 23 kwa 23, halafu UConn wakafunga pointi 30 bila Illinois kupata hata moja. Thelathini kwa sifuri! Illinois walirusha mara 19 mbele ya mkono wa Clingan na hakuna hata mmoja ulioingia. Mechi ikaisha 77 kwa 52. Kama tunapima usiku mmoja, hakuna senta wa UConn mwenye usiku kama ule, Okafor hana, Thabeet hana. Na ana makombe mawili, 2023 na 2024.

Ila 2023 alikuwa anatokea benchi nyuma ya Adama Sanogo wa Mali, kwa hiyo msimu wa kuanza ni mmoja tu, na huo nao mguu ulimkalisha mechi kadhaa. Misimu mitatu ya Thabeet sio sawa na mmoja na kitu. Halafu kuna fainali ya 2024, Zach Edey wa Purdue kafunga 37. Watetezi wa Clingan wanasema ule ulikuwa mpango wa kocha Dan Hurley, mwacheni Edey apambane na Clingan peke yake, sisi tufunge wale wa nje, na kweli Purdue walirusha mipira ya pointi tatu 7 tu ikaingia 1 na wakafungwa 75 kwa 60. Mpango ulifanya kazi. Lakini basi sifa ni ya waliofunga wale wa nje au ya aliyefungwa 37? Maana ile siku ya Blair, aliyefunga 22, hakuna aliyemtetea Thabeet kwamba ulikuwa mpango wa kocha.